Muulize Mjomba: Kijiwe Kizima Kilishangilia

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nina kijiwe cha kurusha nyimbo na muvi kwenye simu hapa Chikongola, Mtwara. Juzi jioni tuliweka Brüno, ile ya kuchekesha ya Mwingereza Sacha Baron Cohen. Kuna pahala wanaume wawili wanapigana ndani ya kizimba huko Marekani, ukumbi umejaa, mara wanaacha ngumi wanaanza kubusiana. Watu wakachachamaa, wakarusha vikombe, mpaka kiti. Kijiwe kizima kikashangilia. Rafiki yangu mwalimu akasema tumeielewa kichwa chini miguu juu, muvi inawasuta hao hao warushaji. Kaka yangu akasema hakuna cha kusuta, wanachekwa mashoga, basi. Tangu siku hiyo kaka akimwona kijana mmoja fundi cherehani wa jirani anapita, anaigiza ile sauti na ule mwendo, watu wanavunjika mbavu. Nani yuko sahihi? Na hii muvi niendelee kuwarushia wateja au niifute?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Mwalimu yuko sahihi kwa alichokusudia mtengenezaji. Kaka yako yuko sahihi kwa kilichotokea kijiweni kwenu.

Muvi hiyo ni ya mwaka 2009. Baron Cohen anajifanya mtangazaji wa mitindo kutoka Austria, na wengi anaokutana nao hawajui kwamba yule ni mwigizaji. Ule ukumbi ulikuwa Fort Smith, jimbo la Arkansas. Watu walikwenda kutazama ngumi, na hasira mliyoiona ni yao wenyewe, hakuna aliyewapangia. Huo ndio mtego: umtazame mrusha kiti ujiulize anaogopa nini. Ila chambo chenyewe, mh! Huyo Brüno amebebeshwa kila tusi lililowahi kutungwa juu ya mashoga: hana haya, hana akili, hashibi tamaa. GLAAD, shirika la Marekani linalofuatilia mashoga wanavyoonyeshwa kwenye filamu na televisheni, lililalamika, na mimi silioni kosa lao. Aliyekuja akiamini watu hao ndivyo walivyo, anapewa saa nzima na zaidi ya kuhakikishiwa kabla mtego haujafyatuka.

Mimi nilikuwa na maktaba ya kanda za video hapa Lindi mjini enzi zile za VHS, baadaye kibanda umiza. Kibandani nilijifunza jambo moja: mwenye sauti ndiye mwenye muvi. Mtafsiri akiamua jambazi ni mtu wa kuonewa huruma, benchi zima linamhurumia, hata kama huko ilikotengenezwa alikuwa shetani. Nyie mliitazama bila mtafsiri. Basi umati wa Arkansas ndio uliowatafsiria. Walipozomea mkazomea nao.

Hili si la Chikongola peke yake. Mwaka 1971 televisheni ya Marekani ilianzisha mchezo wa kuchekesha unaoitwa All in the Family. Baba mwenye nyumba, Archie Bunker, anadharau kila asiyefanana naye, na watunzi walitaka achekwe yeye. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha walichokipata kwa watazamaji wa Marekani na Kanada. Wenye ubaguzi na wasio nao waliufurahia mchezo ule ule, lakini wenye ubaguzi ndio waliomhusudu zaidi Archie. Kila mmoja aliondoka na mzigo aliokuja nao.

Mchezo huo huo, katika mwaka wake wa kwanza, ulikuwa na kipindi ambacho kaka yako angefaa akione. Archie anamkejeli kijana mmoja laini, rafiki wa mkwewe, kwamba ni shoga. Kumbe si yeye. Shoga ni rafiki wa Archie mwenyewe wa pale baa, pande la mtu aliyewahi kucheza mpira wa Kimarekani. Na anamwambia kwa mdomo wake, Archie hataki kuamini. Hapo kicheko hakina pengine pa kwenda, kinamwangukia mkejeli. Hata The Birdcage ya 1996, iliyotokana na La Cage aux Folles ya Wafaransa, imejaa mbwembwe na magauni, ila wale wanaume wawili wana nyumba, wana mtoto waliyemlea na wanagombana kama wanandoa wowote. Mwishoni seneta mhubiri wa maadili ndiye anayevalishwa gauni ili awakimbie waandishi wa habari.

Sisi wa kusini haya tunayajua kwa ngozi zetu. Ni vichekesho vingapi vya Dar vimemweka Mmakonde mlinzi wa geti, hajui kitu, kazi yake lafudhi tu? Tunacheka, sikatai, mimi mwenyewe nimecheka. Lakini mtani akinitania msibani nami nina zamu yangu, nitamrudishia mpaka aombe poo. Yule mlinzi wa kwenye vichekesho hana zamu. Na huyo fundi hana kabisa, kwa sababu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inataja kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa kile inachokiita kuingiliana kinyume cha maumbile. Akijibu lolote, hata kwa utani, amejitia kitanzini. Akinyamaza, watu wanasema mnaona, kanyamaza. Na kaka yako hajui chochote juu yake zaidi ya anavyotembea.

Kuhusu muvi: ina uchi wa waziwazi, haina nafasi kwenye simu ya mwanafunzi, na mtoto akija na simu ya baba yake umrushie katuni. Mtu mzima akiiomba, mrushie ukitaka, ila usiiweke tena kijiweni. Mtu akiitazama peke yake kwenye simu anapata nafasi ya kuwaza. Mkiwa kundi, wa kwanza kucheka ndiye anayeamua.

Kaka yako muite pembeni, usimwambie mbele za watu maana atashupaa. Muulize fundi huyo akihama, mashati ya Idi ya wanawe atayashonesha wapi. Akileta ubishi nipigie, mimi ni mjomba wake pia.