Muulize kitatokea nini asipoomba ruhusa

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Kama hakuna anayepigwa, jirani atajuaje kwamba ndani ya nyumba kuna ukatili, na afanye nini?" Najibu kutoka Urambo, mkoani Tabora, ninakofanya uwakala wa pesa za simu karibu na soko. Watu wanakuja kwangu wamejipanga nyuso zao vizuri, lakini pesa inaongea. Nitaeleza ninayoyaona, huku nikibadilisha mambo madogomadogo ili asitambulike mtu.

Kuna mama mmoja alikuja kutoa elfu kumi na tano. Akatoa kumi, tano akaniomba nimsaidie kumtumia mama yake anayeumwa, kisha akataka nimwandikie karatasi kwamba pesa iliyoingia ilikuwa kumi tu. Nikamwambia daftari langu siwezi kuliandika uongo. Akaanza kuhesabu vidole, anapanga atasema nini akifika nyumbani: nauli imepanda, sukari imepanda. Mtu mzima, ana watoto wanne, na hajui atajieleza vipi kwa shilingi elfu tano aliyompa mzazi wake. Mwilini hana hata mchubuko.

Kwa hiyo kipimo changu mimi si kofi. Nauliza hivi: akifanya jambo la kawaida bila kuomba ruhusa, kitatokea nini? Wapo watu ambao mume ndiye anayeshika namba ya siri ya simu ya mke, nao wanaishi kwa raha zao. Mke hapendi usumbufu wa simu, na akitaka pesa anaichukua. Hao wakigombana, jioni wanakula sahani moja. Nyumba nyingine mama akichelewa kutoka gengeni anakuta mlango umefungwa, au mboga inakatwa wiki nzima, au mtoto wake ndiye anayechapwa. Mwingine ukimuuliza hata hawezi kukuambia kitatokea nini, ila anaangalia saa. Nikiona hivyo sihitaji kuona kovu.

Kwetu Urambo ukatili wa pesa una msimu wake, nao ni msimu wa malipo ya tumbaku. Wanaolima wanajua kazi yenyewe ilivyo. Mke yuko kitaluni, yuko shambani, yuko kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, usiku anachochea moto ili majani yakauke bila kuungua, halafu yuko kwenye kupanga madaraja huku mgongoni ana mtoto. Mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ni mume. Akaunti ya benki ni ya mume. Makato ya pembejeo yakishatoka, kinachobaki kinaingia kwa mtu mmoja, naye ndiye anayejua ni kiasi gani. Wanaume wengi wanarudi nyumbani na pesa yao na familia inakaa kupanga, nisiwapakaze wote matope. Ila wapo wanaopotelea mjini mpaka ziishe, na wapo wanaorudi na mke mdogo aliyeposwa kwa tumbaku ambayo mke mkubwa ndiye aliyeikausha. Mke akiuliza anajibiwa, "Shamba la nani?" Msimu unaofuata anarudi kitaluni, kwa sababu watoto wanakula hapohapo.

Huyo mama hajapigwa. Amefanyishwa kazi mwaka mzima bila ujira na bila sauti, na akitaka kuondoka hana hata nauli ya kufika Tabora mjini. Kwa maoni yangu hii ndiyo kamba ngumu kuliko zote, maana hizo nyingine zinafungwa juu yake. Anayekutukana kila siku mbele ya watoto unaweza kumkimbia ukiwa na pesa. Anayekagua simu yako, anayekukataza kikoba, anayekukataza kwenda msibani kwa dada yako mpaka ndugu wakuone una maringo, naye unaweza kumkimbia. Bila pesa unabaki kusikiliza.

Kuhusu tendo la ndoa kwa nguvu nitasema kidogo, kwa sababu akina mama wenyewe wanalisema kwa kunong'ona. Sheria yetu ya makosa ya jinai inamhesabu mume kuwa amembaka mkewe pale tu wanapokuwa wametengana. Wanaoishi nyumba moja wamebaki nje ya ulinzi huo. Mimi naona ni pengo la aibu. Hofu ya mwanamke anayeogopa kuingia chumbani kwake haipungui kwa sababu ana cheti cha ndoa.

Kinachofanya haya yote yasionekane ni kwamba tumeyazoea, na sisi wanawake tumo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa mambo matano: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kumwambia, kutojali watoto, kukataa tendo la ndoa. Wanawake asilimia 58 walikubali angalau sababu moja. Wanaume walikuwa asilimia 40. Utafiti huohuo ulikuta wanawake 40 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Yatazame tena yale mambo matano. Matatu kati yake ni kufanya bila ruhusa au kukataa amri. Anayeamini kwamba kutoka bila kuaga kunastahili kofi, atalionaje tatizo pale anapokatazwa kutoka bila kupigwa?

Huku kwetu kuna na la ng'ombe wa mahari. "Nimekutolea mahari," basi imekwisha, hata wazazi wa binti wanamrudisha wakihofia kudaiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuifanya mahari kuwa sharti la ndoa. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme inavyosema. Inamtaka mume amtunze mke kwa chakula, mavazi na malazi kulingana na uwezo wake, kwa hiyo kunyima matumizi makusudi si ukali wa baba mwenye nyumba. Inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Na katika kuamua kama ndoa imevunjika, mahakama inaweza kutazama ukatili wa akili sawa na wa mwili. Kwa wale wa "shamba la nani," mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sembuse aliyelala kwenye bani.

Tatizo linakuja mezani kwa wazee. Kwa kawaida kabla ya talaka kufika mahakamani lazima mpite baraza la usuluhishi, na swali la kwanza huwa, "Amekupiga?" Ukisema hapana, unaambiwa rudi ukavumilie, kila nyumba ina yake. Ningekuwa mimi mezani pale, ningeuliza nani anashika pesa.

Madhara yake usiyatafute kwenye ngozi. Mama anakwenda zahanati kichwa kinamuuma, vipimo vya malaria vinarudi hasi, anapewa panadol, wiki ijayo yuko palepale. Usiku hapati usingizi. Presha inapanda akiwa bado kijana. Anapoteza uwezo wa kuamua hata vitu vidogo: ukimuuliza achukue kanga ya rangi gani, anasema ngoja nikaulize. Na watoto wanajua kila kitu, tusijidanganye kwamba wamelala. Aliyeacha kukojoa kitandani zamani anaanza upya. Aliyekuwa anaongoza darasani anakaa anatazama dirishani. Mwingine anakuwa mkali kwa wenzake, kwa sababu ameshaona anayepiga kelele ndiye anayepewa nyama.

Wanaume nao yanawapata, na wanayaficha zaidi kwa kuogopa kuchekwa. Namjua baba mzee ambaye mwanae mkubwa ndiye anayeshika simu yake na kila kinachoingia. Akija kwangu anakuja na mjukuu wa kumlinda asiongee sana. Kipimo ni kilekile.

Sasa jirani afanye nini. Kwanza asimfuate mwanaume kumuuliza, maana usiku huohuo mama atadaiwa aeleze nani alitoa habari nje. Asimwambie tu "mwache", kwani siku za kuondoka ndizo zenye hatari kubwa, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kunyanyua mkono. Akae naye wakiwa wawili, kisimani au njiani, amuulize lile swali langu na anyamaze asikilize jibu. Kama mama yuko tayari, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na kama kuna majeraha huko ndiko anakopewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 ambao huduma yao hailipiwi. Mambo ya watoto yapigiwe 116, simu ya bure. Akiambiwa atanyang'anywa watoto, ajue mahakama inatanguliza maslahi ya mtoto, na kwa aliye chini ya miaka saba sheria inaanza kwa kudhani kwamba heri akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vingine.

Kama hayuko tayari, asilazimishwe. Jirani anaweza kumtunzia vyeti vya watoto, kadi za kliniki na pesa kidogo kidogo. Na nimalizie na la kazini kwangu: amuulize laini yake imesajiliwa kwa jina la nani. Wapo wengi wanaotumia laini za waume zao, na siku ya ugomvi mume anakwenda na kitambulisho chake, anairudisha laini kwenye kadi mpya mikononi mwake, na mama anapoteza namba, akiba na mawasiliano ya ndugu zake kwa mkupuo. Kusajili ya kwake anahitaji namba yake ya NIDA na alama ya kidole chake, na anaweza kuifanya siku ya gulio akiwa na kikapu mkononi kama mteja mwingine yeyote.

Wakala wa pesa za simu,
Urambo, Tabora