Gari halijafa, linasikia baridi

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi naishi Bristol na mume wangu na watoto wawili, kwetu Tanga. Mwezi wa kumi tulinunua kempavani iliyotumika, ina vitanda vinne na jiko na choo kabisa, ikakaa nje ya nyumba tangu Novemba tukisubiri likizo ya shule ya Februari. Mpango ni Ijumaa jioni twende Tenby kule Wales, tulale siku tatu turudi. Sasa jamani ni mkosi juu ya mkosi. Jumapili tunawasha, inalia tk tk tk halafu kimya, na wakati tulikuwa tumeichomeka umeme wa nyumbani wiki nzima. Jirani akatubusti ikawaka, tukajaza tangi, asubuhi tunakuta maji yote yamemwagika chini, mume wangu anasema boila, ile ya kupashia maji moto, imepasuka. Nikasema ngoja basi nichemshe chai humo nijifariji, jiko likatoa kamoto kama ka mshumaa likazima, na mtungi ukiutikisa unasikia gesi imo. Tukaenda kuijaribu barabarani, kona ya kwanza kabati likafunguka, vikombe vyote chini. Na Ijumaa wametangaza onyo la njano la upepo na mvua. Mume wangu anataka tuahirishe na gari liuzwe, watoto wameshapanga nguo. Shemeji yangu yuko hapa matembezini kutoka Mombasa, yeye anasema twende tu, atasaidia kuendesha. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Ila mwambie mumeo asipige picha za kuliuza kwanza. Ukiacha vikombe, hayo matatu mengine yote naona yana mama mmoja, nae ni baridi.

Anza na maji maana ndo yamewatisha. Boila za magari mengi ya hivi zina valvu ya baridi, kidude kidogo kipo karibu na boila yenyewe, mara nyingi chini ya kiti au ndani ya kabati la nguo, joto la humo likishuka mpaka kama digrii 3 kinafunguka chenyewe na kumwaga maji ili yasigande yakapasua boila. Na kama pampu mliiacha imewashwa basi ikasukuma na ya kwenye tangi yote nje. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba hakuna kilichopasuka. Hicho kidude hakikubali kufungwa mpaka pafike kama digrii 7, so washeni hita kwanza, gari lipate moto vizuri, mfunge valvu, ndo mjaze. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilijaza tangi mara tatu huku namlaani alieniuzia, mpaka mzee mmoja kempini, pale tunapoegesha magari haya na kulala, akaja kunionyesha, anacheka hadi machozi. Utaona watu wanakibana kwa kibanio cha nguo kisifunguke, usiige, usiku ukiganda utanunua boila kweli. Ila maji yakiendelea kutoka na valvu imefungwa, hapo sawa, ita fundi.

Betri: gari lenu lina mbili, ya kuwashia injini na ya taa na pampu za ndani. Kwenye magari mengi ukichomeka umeme inachajiwa ile ya ndani peke yake, ya injini inabaki inanyonywa na alamu ya wezi miezi mitatu, na baridi nayo inaipunguzia nguvu. Tafuteni chaja muiweke kwenye betri ya injini usiku mzima. Ikilala tena baada ya hapo nunueni mpya kabla ya safari, sio baada. Na waya za kubusti ziwemo garini.

Gesi nakisia mtungi wenu ni wa bluu. Hapo Uingereza wa bluu ni butane, na butane ikifika karibu na sifuri inagoma kugeuka mvuke, inakaa majimaji tu humo ndani ndo maana unaisikia. Chukua mwekundu, propane, hiyo inafanya kazi hadi chini ya digrii 40 hasi. Mwambie muuzaji unatoka bluu kwenda nyekundu, sehemu ya kuungia haifanani. Na hata mkitetemeka vipi msiwashe jiko ili kupasha gari moto mkalala, hewa yake inaua kimya kimya, wekeni alamu ya kunusa hewa hiyo, kaboni monoksaidi.

Sasa upepo, na hapa mumeo ana haki nusu. Mvua haina neno, upepo ndo unanitisha, gari la karibu mita 3 kwenda juu ni tanga la jahazi lile, na ukipitwa na lori kwenye motowei unalisikia linavutwa. Ijumaa jioni msitoke. Ondokeni Jumamosi asubuhi onyo likiwa limeisha, mpite daraja la barabara ya M4 la kuingilia Wales, lile la 1996 lina kingo za kuzuia upepo, la zamani la barabara ya M48 ndo hufungwa fungwa. Na Tenby kwa safari ya kwanza naona mbali, mi ningeishia Gower, pwani ya hapo ukipita tu Swansea, bahari ni ile ile na mnaokoa muda wa barabarani. Pigeni simu kempini kwanza maana nyingi hazifungui mpaka Machi, muombe sehemu ya changarawe, kwenye majani yaliyolowa mtazama mtolewe na trekta. Mfike kabla ya saa kumi na moja na nusu, jua likizama kutafuta choo gizani na watoto wawili sio likizo. Birika la umeme la nyumbani liacheni, kempi nyingine zinatoa ampea 10 tu, ni kama wati 2,300, na birika la wati 3,000 litawakatia umeme.

Shemeji kama ni mgeni na leseni yake ya Kenya ni hai anaruhusiwa magari hadi kilo 3,500 ndani ya miezi 12 tangu aingie, angalieni uzito kwenye kadi ya gari. Lakini bima iandikwe jina lake, bila hivyo akae nyuma na watoto, na mkanda.

Vikombe vya plastiki, na mlango wa kabati ufungeni na leso. Mkiondoka kempini mzunguke gari mara moja kwa miguu, mimi niliwahi kutoka na waya wa umeme bado umechomekwa.