Maswali na Majibu: Kihisi cha Unyevu na Ubora wa Zege

Swali (Igoma): Kihisi cha unyevu kwenye pipa la mchanga la mtambo wetu wa zege kimesoma asilimia 4 wiki nzima, ilhali mvua za vuli zimenyesha siku tatu mfululizo. Je, nikiamini?

Jibu: Usikiamini kabla ya kukihakiki. Namba isiyotikisika wakati lundo limeloa mara nyingi hutokana na tope lililogandamana usoni mwa kihisi, au na mchanga uliokwama mbele yake huku mwingine ukiteremka kando. Kisafishe, kisha chota sampuli mdomoni mwa pipa, uipime, uikaushe jikoni hadi uzito wake usipungue tena, na ugawe uzito wa maji yaliyotoka kwa uzito wa mchanga mkavu. Gramu 1,070 zikibaki 1,000, unyevu ni asilimia 7. Kwa zege linalohitaji kilo 800 za mchanga mkavu, kilo 350 za saruji na lita 175 za maji kwa kila meta ya ujazo, kosa hilo la asilimia 3 huingiza takribani lita 22 za maji ya ziada, na uwiano wa maji kwa saruji hupanda kutoka 0.50 hadi 0.56. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba zege la namna hiyo humiminika kwa urahisi na mafundi hulifurahia, ilhali michemraba ya majaribio, yaani vipande vya zege hilo vinavyopondwa kupima nguvu yake, huja kuonyesha udhaifu siku ya 28, nguzo zikiwa zimekwisha kusimama.

Swali (Nyegezi): Tumebadilisha machimbo ya mchanga. Kihisi kirekebishwe upya?

Jibu: Naam, kwa sababu mchanga wenye vumbi na udongo mwingi hausomwi sawa na mchanga safi. Linganisha kihisi na sampuli zilizokaushwa, zikiwa na unyevu wa viwango mbalimbali, na uandike tofauti zote daftarini. Zikiegemea upande mmoja kila siku, kihisi kimehama, yaani usomaji wake umepotoka.

Swali (Buhongwa): Je, mizani ya mtambo ijaribiwe kwa mifuko ya saruji?

Jibu: Hapana. Tumia mawe ya mizani yaliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Hakikisha pia kwamba pipa la mizani likiwa tupu linarudi sifuri na kwamba saruji iliyoganda haijaligusanisha na fremu.

Swali (Sengerema): Sisi hatuna kihisi chochote.

Jibu: Funikeni mchanga kwa turubai, mkaushe sampuli kila asubuhi na kila baada ya mvua, na mpime slampu, yaani kiasi zege bichi linavyoshuka koni ikiinuliwa, kwa koni yenye kimo cha milimita 300 kabla ya kumimina.