Baraza limeniandikia barua, nijibu vipi?

SWALI: Salamu wakili. Mimi ni muuguzi hospitali moja huku Pwani, mwaka wa tisa kazini. Mwezi uliopita nilikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto, tulikuwa wawili kwa watoto ishirini na kitu, mtoto mmoja akapewa dawa ileile mara mbili ndani ya muda mfupi, akazidiwa, lakini alhamdulillah akapona. Mamake amepeleka malalamiko kwa Baraza la Wauguzi na nimepata barua ya kujibu tuhuma za uzembe ndani ya siku 14. Silali. Inchaji, yaani msimamizi wetu wa wodi, anasema nikubali niombe msamaha yaishe, mwenzangu wa zamu anasema nimpigie yule mama. Faili lote nimelipiga picha na simu. Nifanyeje? – Mama Wawili, Kilifi

JIBU: Pole sana dada. Kwanza kabisa usimpigie yule mama. Najua inakuuma na ungependa kumpa pole kwa moyo, lakini simu hiyo ikifika kikaoni itaonekana ulikuwa unamtisha ama unamhonga, na wewe huna wa kukushuhudia ulimwambia nini. Nafasi ya kumpa pole utaipata mbele ya watu.

Na zile picha usimtumie mtu yeyote, hata kwa grupu ya zamu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, utaanza na tuhuma moja umalize na mbili. Mwambie wakili wako kwamba unazo, halafu nakala ya faili muiombe kwa barua.

Sasa hiyo siku 14. Hapa ndipo watu hujimaliza, mtu anakaa usiku na machozi anaandika kurasa nne, anakubali asichokijua, kesho anaipeleka. Barua yako ya kwanza iwe fupi tu: nimepokea, naomba malalamiko yenyewe yote, maelezo ya mashahidi na chati ya dawa mnayoitegemea, na naomba muda wa kujibu nikishavipata. Huombi fadhila hapo dada. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 vinakupa haki ya kujulishwa tuhuma mapema, kuona ushahidi, kuja na wakili, kuwahoji wanaokushtaki na hata kuomba kikao kiahirishwe. Zamani miaka ya themanini kuna mfungwa, Onyango Oloo, alinyang'anywa punguzo la kifungo bila kusikilizwa, na Mahakama ya Rufaa ikasema mtu asiposikilizwa uamuzi hausimami, hata kama ungekuwa sawa. Lakini usipojibu kabisa ndani ya hizo siku utakuwa umeitupa nafasi yako mwenyewe.

Chati ikifika ikalie chini. Dozi ya kwanza saa ngapi, sahihi ya nani? Ya pili je? Kama dozi moja haikutiwa sahihi, nani alimwambia nani kwa mdomo kwamba mtoto bado hajapata? Usiku kama huo kosa mara nyingi hutokea hapohapo, kati ya mkono wa huyu na wa yule. Na chonde chonde usiongeze hata nukta kwenye faili. Nilishawahi kumsimamia muuguzi aliyeongeza mstari mmoja wiki moja baadaye, wino tofauti kabisa, kosa la dawa lilikuwa linasameheka lakini ule mstari haukusameheka.

Ukiwa ni wewe uliyetoa dozi ya pili, sema. Ila neno "uzembe" usiliandike wewe. Wewe toa yaliyotokea, kama ni uzembe au la ni kazi ya baraza kuamua. Ambatisha rosta ya usiku ule, idadi ya watoto, ripoti ya tukio kama uliandika. Rosta haikufutii kosa lakini bila hiyo watahukumu kana kwamba ulikuwa na watoto watano.

Inchaji wako pengine anakutakia mema ila yeye anafikiria hospitali. Mwajiri kukusamehe hakuzuii baraza kuendelea, na ukikiri kazini karatasi hiyo inaweza kusomwa barazani. Polisi wakikuita, usiandikishe lolote bila wakili. Ulizia chama chako cha wauguzi, na kama ulikata bima ya taaluma, ile ya kukulinda ukilalamikiwa kazini, wape habari leo. Uamuzi ukija vibaya omba sababu kwa maandishi, pitia rufaa za ndani kwanza ndipo uende Mahakama Kuu.

Usiku wa leo andika unavyokumbuka zamu ile saa kwa saa, iwe ya wakili wako peke yake. Ile barua fupi ipeleke kesho asubuhi nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka hapo.