Kabla ya Kuzipa Seva za Majina Jina la Kikoa Chako

Sisi tunaouza nafasi za tovuti kwa wafanyabiashara wadogo hupenda wateja wetu waone seva za majina, yaani kompyuta zinazojibu tovuti ya kikoa iko wapi, zikiitwa ns1.mfano.co.tz na ns2.mfano.co.tz badala ya majina ya kampuni tunayokodi seva kwake. Kupendeza machoni ni sababu ndogo. Sababu iliyonifanya nizifungue zangu ni kwamba siku nikihamia kwa mtoa huduma mwingine ninabadilisha anwani mbili tu za IP, yaani namba za seva mtandaoni, wala siwasumbui wateja kuingia kwa wasajili wao, yaani kampuni walikosajili vikoa vyao, ambako wengi wamekwisha kusahau nywila. Mwenye kikoa kimoja, kwa maoni yangu, abaki na seva za majina alizopewa.

Ugumu wa kazi hii uko mahali pamoja. Seva inayomtafutia msomaji tovuti yako huambiwa na seva za co.tz kwamba ikaulize ns1.mfano.co.tz, lakini ili ijue ns1.mfano.co.tz iko wapi, ingelazimika kwanza kupata majibu ya mfano.co.tz, ambayo yako humo humo ndani ya ns1. Mzunguko huo huvunjwa kwa kuweka anwani za IP za seva zako huko juu kwenye rejista, yaani orodha kuu ya vikoa vyote vya co.tz, ili zitolewe pamoja na jibu la kwanza. Wataalamu huziita rekodi za gundi, na bila hizo, kuandika majina mapya kwenye kikoa hakusaidii kitu.

Kwa hiyo anza kwa msajili, katika sehemu ya kusajili seva zilizo chini ya kikoa chako, ambayo si ile ya kubadilisha seva za majina. Usipoiona kwenye paneli, yaani ukurasa wa kusimamia akaunti yako, waandikie huduma kwa wateja ukiwatajia kila jina na anwani yake. Kisha, ndani ya zoni yako, yaani orodha ya rekodi za kikoa chako, andika rekodi za NS, zinazotaja seva za majina, na rekodi za A, zinazotaja anwani za IP, zenye anwani zile zile, kwa maana zikitofautiana na za rejista utapata hitilafu ya kuja na kupotea, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote kuitafuta. Hakikisha mlango namba 53 uko wazi kwa UDP na TCP pia, yaani njia zote mbili za kusafirisha maswali na majibu, na uzime huduma ya kuwatafutia watu wa nje vikoa visivyo vyako, maana seva iliyoachwa wazi hivyo hutumiwa kushambulia wengine.

Kuhusu seva ya pili, watu wengi huweka anwani mbili kwenye mashine moja, na paneli hukubali. Mwongozo wa RFC 2182 wa mwaka 1997 unashauri seva ziwe mbalimbali kimahali na kimtandao, na ushauri huo haujachakaa: mashine ikizimika, majina yote mawili huzimika pamoja nayo, na barua pepe za wateja pia. Mimi ya pili nimeiweka kwa kampuni nyingine, nayo hunakili zoni kutoka kwa ya kwanza kila namba ya toleo inapoongezwa.

Kabla ya kubadilisha chochote kwa msajili, uliza kila seva moja kwa moja kwa amri ya dig, inayoiuliza seva rekodi zake, ukitumia anwani yake ya IP, na ulinganishe rekodi za zamani na mpya, hasa MX za kupokea barua pepe na TXT za maandishi ya uthibitisho, ambazo husahaulika kwa kuwa tovuti hufunguka vizuri bila hizo. Kama kikoa kina DNSSEC, yaani majibu yake hutiwa saini ili yahakikiwe, na seva mpya hazitatumia funguo zile zile, ondoa mapema rekodi ya DS, inayotambulisha ufunguo wako kwenye rejista, na usubiri muda wake uishe. La sivyo seva zinazohakiki saini zitayakataa majibu yako.

Ndipo ubadilishe. Kwa vikoa vya .com, rekodi za NS kwenye rejista hukaa kwenye kumbukumbu za wengine hadi sekunde 172,800, yaani siku mbili, na katika muda huo wote seva za zamani ziendelee kujibu sawasawa na mpya. Zikipita, endesha dig +trace, inayofuata swali hatua kwa hatua kuanzia juu, na ukiona rejista na seva zako zinataja majina yale yale, unaweza kufunga akaunti ya zamani.