Mwanza na kiti mwendo: usikubali haraka neno "tutambeba"

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Mama alipata kiharusi, upande wa kushoto umelegea, anatumia kiti mwendo, na Desemba mnataka kutoka Dodoma kuja Mwanza kwa sababu alizaliwa huku na ana hamu ya kuliona ziwa tena. Waliotangulia kukujibu, nusu wamesema Mwanza ni mawe matupu, mpeleke Dar. Nusu wamesema hakuna shida, vijana wapo, watambeba. Sikubaliani na upande wowote.

Mimi niko kwenye kiti tangu 2014. Nilikuwa fundi ujenzi, nikaanguka kutoka kwenye kenchi tukiezeka nyumba Buswelu, uti wa mgongo ukaumia, miguu haijarudi. Kwa hiyo jiji hili nalijua kama mtu aliyejenga ngazi zake, tena kama mtu anayezitazama kutoka chini. Kuna nyumba moja ya wageni hapa mjini ambayo ngazi zake nilizimwaga zege kwa mkono wangu. Leo siwezi kuingia. Simlaumu mtu, mchoro nilikuwa nao mkononi na sikuuliza chochote.

Sasa hilo neno "tutambeba". Mwaka 2019 mdogo wangu wa kike alifanyiwa sherehe ya kuagwa kabla ya harusi yake kwenye ukumbi wa hoteli moja ya kando ya ziwa, jina naliacha. Nilipiga simu wiki moja kabla: jamani, natumia kiti mwendo, nitaingiaje? Sauti ikajibu kwa upole kabisa, "Hakuna shida kaka, tutakubeba." Nilipofika nikakuta ngazi kumi na moja za kushuka kwenda ukumbini. Vijana wanne wakanishika, kila mmoja anavuta kwake, mmoja kavaa kandambili. Ngazi ya saba akateleza. Sikuanguka, ila tairi la kulia liligonga ukingo na rimu ikapinda. Hilo nalo lilikuwa dogo. Choo kilikuwa juu, nilikotoka. Kuanzia saa nane mchana hadi saa tatu usiku sikunywa hata soda, maana kila kinywaji kilikuwa na maana ya kuwaita wale vijana tena mbele ya wakwe. Kwenye picha za siku ile ninatabasamu, lakini midomo imekauka.

Kwa hiyo, dada, usiulize hoteli kama wanaweza kumpokea mtu mwenye ulemavu. Watasema ndiyo, na hawadanganyi, wana moyo. Uliza vipimo. Chukua futi, pima kiti cha mama kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi la pili. Changu ni sentimita 64. Kisha mwombe mhudumu akupigie picha tatu: mlango wa kuingilia, mlango wa chumba, mlango wa choo, huku futi imenyooshwa kwenye uwazi wa mlango. Usikubali picha ya kitanda chenye mashuka yaliyokunjwa kama bata. Vyumba vingi vya hapa mlango mkubwa ni mzuri tu, balaa liko chooni: mlango wa sentimita 60 na unafungukia ndani, ukiingia huwezi kuufunga. Mimi husafiri na bisibisi. Nafungua bawaba, mlango unasimamishwa ukutani, napachika shuka. Naomba ruhusa kwanza, na asubuhi naurudisha vizuri kuliko nilivyoukuta. Kuna mahali meneja alinipa kazi ya milango mingine miwili. Mama apate choo cha kukaa, na ombeni kiti cha plastiki chenye mikono cha kuogea. Hicho hakikosekani popote Tanzania hii.

Wakikwambia wana rampu, uliza urefu wake. Kipimo tulichofundishwa ni 1 kwa 12: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi tatu za sentimita 15 zinafika 45, basi rampu yake iwe na zaidi ya mita tano. Nyingi utakazooneshwa zina mita moja na nusu, ni za kupandishia toroli la saruji, wala si mtu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010 na majengo ya umma yanapaswa kufikika, lakini sheria haitakufungulia mlango saa nne usiku umefika umechoka. Picha ya futi itakufungulia.

Safari yenyewe ni karibu kilomita 700 kupitia Singida, Nzega na Shinyanga, lami yote. Umeuliza basi au gari la kukodi. Gari, kama mfuko unaruhusu. Ngazi za basi ni nyembamba na kusimama si kwa hiari yako, na mtu wa kiti akikaa saa nyingi bila kusogezwa anaweza kuondoka na kidonda cha makalio ambacho kitachukua miezi. Kila nusu saa mama ainuliwe au aegemee upande mwingine kidogo, hata kama anasema hasikii maumivu. Hasa kama anasema hasikii. Lala Singida au Shinyanga, msijitie ushujaa.

Kuhusu kumhamisha: upande wake wenye nguvu ni wa kulia, na utakaotangulia siku zote ni ule wenye nguvu. Mlango wa abiria wa mbele kwenye magari yetu uko kushoto mwa gari, kwa hiyo ukisogeza kiti sambamba na gari, kiti na gari vyote vikitazama mbele, gari linakuwa kulia kwake. Kuingia ni rahisi. Kutoka ndipo upande mlegevu unapotangulia, hapo simameni wawili. Gari dogo la kawaida kiti chake kinakaribiana kimo na kiti mwendo. Magari marefu yana heshima barabarani lakini kwa mama ni mlima.

Haya, tuje ziwani.

Ningeanza na pantoni ya Kamanga. Watu hawaihesabu kama utalii, wanaiona ni usafiri wa kwenda Sengerema, lakini kwa mtu wa kiti sijaona matembezi bora Mwanza nzima, na ni nauli ya kawaida tu. Sababu ni moja: pantoni imetengenezwa kupakia magari, kwa hiyo inalaza mdomo wake wa chuma gatini na kinachotembea kwa magurudumu kinaingia. Habari ya kubebwa haipo. Unakaa juu ya sitaha ya chuma, upepo unakupiga, Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu uliosimama majini, liko pale pale karibu na gati, mji unabaki nyuma na nyumba zake zilizopandiana juu ya miamba. Ukifika ng'ambo, kunywa chai, rudi nayo.

Ila kuna mambo. Pale mdomo wa chuma unapokutana na zege pana kijiufa, na vigurudumu vidogo vya mbele hupenda kuingia humo. Mgeuze mama, mwingize kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Subiri magari yaingie kwanza au yaishe kutoka, usimweke katikati ya lori na lori. Funga breki na bado weka kabari ya mbao, breki za viti vyetu tunazijua. La mwisho naomba ulishike: majini usimfunge mama mkanda kwenye kiti. Kiti ni chuma. Avae jaketi la kujiokolea, awe huru na kiti, na mjue lilipo hata kama mhudumu anaona mnasumbua. Sisi wa huku tarehe 20 Septemba 2018 hatujaisahau, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia gati la Ukara na zaidi ya watu 220 wakafa. Ukiona pantoni imejaa kupita kiasi, msipande. Itakuja nyingine.

Boti ndogo ni habari nyingine. Boti inacheza, gati halichezi, na kati yao kuna pengo linalobadilika kila wimbi. Kina cha ziwa nacho hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. 2020 na 2024 maji yalipanda mpaka baadhi ya fukwe zikamezwa, kwa hiyo hata mtu aliyekwenda mwaka jana hawezi kukuapia urefu wa kuruka. Ndiyo maana kwa Saanane nasita. Kisiwa ni kizuri, ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, kiko dakika chache tu kutoka mjini, utaona pala na pimbi wakiota jua. Lakini ni kisiwa cha mawe. Mawe hayana kosa, yalikuwepo kabla yetu. Mimi nilikwenda mara moja na kaka zangu wawili, nikafurahia safari ya maji, nikakaa karibu na tulikoshukia nikasikiliza wenzangu wakinisimulia waliyoyaona juu. Kama mama anaweza kusimama akishikwa na kupiga hatua mbili tatu, jaribuni siku ziwa limetulia, asubuhi kabla upepo haujaamka. Kama hawezi, pantoni.

Mchangiaji mmoja amesema apelekwe ufukweni akaloweshe miguu. Hapana. Kwanza mchanga unameza magurudumu ya mbele, labda mumvute kinyumenyume. Pili, Ziwa Victoria lina kichocho, na mguu usiosikia vizuri unaweza kuchanwa na jiwe au konokono asijue. Akae kwenye majani, alitazame. Kwenye sehemu za kula sato, chagueni zenye meza za plastiki. Zile meza za zege zilizounganishwa na benchi lake magoti ya mtu wa kiti hayaingii, utakula umekaa upande kama mtu aliyenuniwa.

Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Musoma, kupita Kisesa. Kwa mama aliyezaliwa huku nadhani pataugusa moyo wake kuliko hoteli yoyote. Pana lile kanisa la mviringo la msonge, ngoma za watemi, na historia ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji waliokuwa wakishindana kwa ngoma. Eneo lina mawe na mwinuko, hivyo gari lisogee karibu kadiri linavyoruhusiwa, na msitake kuona kila jengo. Chagueni mawili. Mngekuja Juni wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, ningewaambia mkae uwanjani tu, maana mchezo wote uko nje na mtu wa kiti anaona sawa na aliyesimama, alimradi watu wasimsimamie mbele. Ukimsalimia mzee wa pale "Mwangaluka", mama atakushangaa.

Serengeti inawezekana kwa siku moja. Lango la Ndabaka liko barabarani kabisa, mbele ya Lamadi, kama kilomita 140 kutoka Mwanza. Hifadhi ni rafiki wa watu wa kiti kwa sababu ambayo wengine hawaifikirii: mle ndani kila mtu anakaa garini. Aliyeshiba miguu na asiye nayo wote wanamtazama twiga kupitia dirisha. Shida ni kupanda hilo gari la hifadhini. Mimi nina ubao uliopigwa msasa na kupakwa vanishi, nautegemeza kutoka kitini hadi garini, natelezea. Kwa magari marefu sana tunaweka kreti mbili za soda kwanza. Lakini Desemba ni mvua, na udongo mweusi wa upande huu wa magharibi ukilowa gari linanasa hata liwe na nguvu vipi. Abiria wengine watashuka kusukuma, mama atabaki ndani na hofu. Nyumbu nao mwezi huo wako kusini. Pigeni simu langoni siku moja kabla muulize hali ya barabara, na mkiambiwa imelowa, gharama hiyo iwekeni kwenye sato.

Daraja la Kigongo na Busisi je? Limefunguliwa Juni 2025, lina kama kilomita tatu, na mama kama alikuwa akivuka pale kwa pantoni zamani atataka kuliona. Livukeni kwa gari, mgeuze ng'ambo mrudi. Itakula nusu ya asubuhi tu.

Katikati ya mji sina maneno mengi. Mitaro iko wazi sehemu nyingi, njia za miguu zimejaa bidhaa, na daladala hazina subira. Bajaji inafaa: kiti kinakunjwa kinafungwa nyuma kwa mpira, lakini mkubaliane nauli kabla kiti hakijakunjwa, ukishaketi huna tena nguvu ya kupatana.

Mkifika, siku ya pantoni nenda jioni kama saa kumi, jua likiwa limepoa. Mama abebe kanga mbili, moja ya mabegani na moja ya kufunika magoti, na ile ya magoti ichomekwe vizuri chini ya mapaja. Yangu ilichukuliwa na upepo, ikazama kabla hatujafika katikati.