Kaka kasahau skrubu zinakaa wapi

SWALI: Sista shikamoo. Naandika kutoka Morogoro, jina naomba ubaki nalo. Kaka yangu ana miaka 31, ni fundi simu ana kibanda chake na wateja wake, sasa toka mwezi wa tatu kabadilika kabisa. Anafungua simu ya mtu alafu anakaa anaiangalia tu, hajui skrubu ipi inarudi wapi, kitu ambacho zamani alikuwa anafanya huku anapiga stori na kubishana mpira. Kakonda, chakula anachokonoa, saa tisa usiku yupo macho mpaka kunakucha. Ukimuuliza anasema hamna kitu. Mama anasema kuna mkono wa mtu, baba mdogo anasema uvivu tu, mi nikafikiria depresheni ila nnavyojua mwenye depresheni analia lia na yeye halii. Wiki iliyopita kampa mwenzake boksi lake lote la vifaa eti havihitaji tena. Hivi kweli ubongo unaweza kuumwa mpaka mtu akasahau kazi ya mikono yake? Na nimwambie nini, maana nimemwambia aache kuwaza mpaka nimechoka.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mi naanza na lile ulilolipitia haraka haraka, boksi la vifaa. Fundi hagawi vifaa vyake hivi hivi. Mtu aliyeshuka namna hiyo akianza kugawa vitu anavyovipenda sisi tuliofanya kazi wodini tunashtuka, kwaiyo leo hii, usingoje wikiendi, kaa nae mahali pametulia umuulize wazi kabisa, kaka, umewahi kufikiria kujiua? Najua mdomo utakuwa mzito. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza ndo umempa wazo lakini sivyo, wengi nilowauliza walishusha pumzi kwamba kumbe kuna mtu kaona. Akisema ndio, au akikaa kimya ule ukimya unaokutisha, asibaki peke yake hata kidogo, ondoeni ndani vidonge na sumu za shambani, mpelekeni hospitali muda huo huo hata kama ni usiku wa manane.

Haya, swali lako sasa. Kutolia kusikudanganye. Depresheni, wengine tunaiita sonona, inatambulika kwa moja kati ya mawili, huzuni isiyoachia au kukosa hamu na vile vitu ulivyokuwa unavipenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, alafu hapo zinajazana dalili nyingine: usingizi, hamu ya kula, kuchoka bila kazi, kujiona huna maana, kuwaza kifo, na hii ambayo familia nyingi hawaijui kabisa, akili kutoshika. Kushindwa kukazia kitu akili na kushindwa kuamua mambo madogo imeandikwa kwenye vigezo vya ugonjwa wenyewe. Hajasahau ufundi. Akili inapofanya kazi ina kama kile kitambaa kidogo anachotandika mezani kupanga skrubu, nafasi yenyewe ni finyu kwa kila binadamu, sasa yeye kitambaa chake kimejaa wazo lile lile linazunguka toka asubuhi, skrubu zikae wapi? Na nikwambie ukweli, hili huwa linachelewa kuondoka, mtu anaanza kula, anaanza kucheka, ila kichwa bado kizito miezi kadhaa, ndo hapo baba mdogo atasema si kapona huyu, sasa ni uvivu. Mjiandae.

Saa tisa usiku nayo ina maelezo yake. Kuna homoni inaitwa kotisoli, mwili unaitoa tukiwa kwenye hatari au presha, na kwa kawaida inashuka mpaka chini kabisa mida ya usiku wa manane alafu inapanda kuelekea alfajiri kukuamsha. Kwa wagonjwa wengi wenye sonona kali breki yake inakuwa imelegea, inabaki juu hata muda ambao ilipaswa kulala. Sehemu mojawapo ya ubongo inayosaidia kukanyaga hiyo breki ni hipokampasi, ndo hiyo hiyo inayotusaidia kutunza kumbukumbu, na kwa watu ambao sonona imewarudia rudia imeonekana kwa wastani ni ndogo kidogo kuliko ya wengine. Nimesema wastani, msije mkauza mbuzi kwenda kupiga MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, haiwezi kumwonyesha mtu mmoja mmoja kwamba anayo au hana. Alafu muulize mama taratibu kama kuna mjomba au bibi aliyewahi kuwa hivi, maana utafiti wa mapacha unaonyesha urithi unachangia karibu asilimia 37, yaani damu ina lake ila haijaandika kila kitu. Mama asikatazwe dua zake. Asizuie hospitali tu.

Na hilo la "acha kuwaza" liache wewe. Miaka ya 1960 kule Marekani daktari mmoja anaitwa Aaron Beck aligundua wagonjwa wake wanaona vibaya sehemu 3 kwa pamoja: mimi sifai, dunia inanionea, na mbele hakuna kitu. Kwa mgonjwa hayo hayaji kama maoni, yanakuja kama habari ya kweli kabisa, ukibishana nae anakuhesabu wewe ndo huelewi. Kumbukumbu nayo inapinda. Muulize kaka siku gani alifurahi, atakwambia "zamani nilikuwa nafurahi", siku yenyewe haipati, ila makosa yake anayakumbuka na tarehe. Waswahili tunasema fulani ana mawazo, Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na toka 2006 kule Harare kuna mabibi waliofundishwa wanakaa kwenye mabenchi nje ya kliniki kuwasaidia watu wa namna hiyo, hawawaambii waache kuwaza, wanachagua nao tatizo moja wanalivunja vipande. Fanya kama wale mabibi. Usimrudishe kibandani kwa kishindo, mchukulie simu moja tu ya kubadilisha betri, mkae wote, dakika 20 basi. Iwe mchana au jioni, wengi wao asubuhi ndo mbaya zaidi. Asingoje hamu ije ndo afanye, kwenye ugonjwa huu hamu inakuja nyuma ya kufanya, ikija.

Hospitali ya mkoa ulizeni kliniki ya afya ya akili, sio lazima Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, kama mtaa utakavyowaimbia. Waombe wapime damu na thairoidi, ile tezi ya shingoni, maana ikilegea inaiga sonona vizuri sana. Na kama aliwahi kuwa na kipindi halali siku kadhaa, anaongea kama cherehani na kutapanya hela, lisemeni kabla hajaandikiwa dawa, matibabu yake ni mengine.

SWALI: Sista mi nipo Tanga nina miaka 23, nimeanza fluoksetini, dawa ya sonona, siku ya 12 leo, kichefuchefu ndo nimepata, nafuu sijaiona. Jirani kaniambia nitakuwa teja. Niache?

JIBU: Usiache, na teja huwi, ila pia siku ya kumaliza usikate ghafla, unapunguziwa na daktari. Dawa inagusa serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, ndani ya masaa tu lakini moyo unaanza kuinuka kwenye wiki ya 2 mpaka ya 6. Ule muda katikati ndo uliwafumbua macho wataalamu. Dawa za kwanza zilipatikana kwa bahati, mwaka 1952 New York wagonjwa wa TB walipewa iproniazidi wakaanza kuchangamka, baadae ikaonekana inaongeza serotonini na wenzake kwenye ubongo, ndo ikaja hesabu ya kinyume kwamba basi sonona ni upungufu wa hizi kemikali. Ingekuwa hivyo tu ungepona siku ya kwanza. Inaonekana seli za ubongo zinahitaji wiki kadhaa kujiunga upya na hilo haliharakishwi.

Kichefuchefu wengi kinaisha ndani ya wiki chache, meza asubuhi baada ya chai, usiku inawanyima wengine usingizi. Na kwa vile hujafika 25, mwambie mtu mmoja wa nyumbani akuangalie kwa karibu wiki hizi, ukianza kuhangaika hutulii au mawazo ya kujidhuru yakazidi, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.